Maziwa Huwa Chai Lini

1.

HALMASHAURI YA WILAYA
IDARA YA AFYA NA IDARA YA MIFUGO (KWA PAMOJA)

TANGAZO KWA WAFUGAJI WOTE WA KIJIJI CHA LEMOTI

Mnatangaziwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba umethibitishwa kwa ng'ombe wa kijiji hiki. Ugonjwa huu humpata pia binadamu. Kwa hiyo:

Chemsha maziwa kabla ya kunywa.
Usishike kwa mikono mitupu ndama aliyezaliwa mfu, wala kondo la nyuma.
Mwenye homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi na maumivu ya viungo afike zahanati.

Mkutano wa wafugaji utafanyika kwenye josho. Wote mhudhurie.

2.

Walihudhuria wanaume.

3.

(Anayesema ni Pudensiana Shao, ofisa wa elimu kwa umma, aliyeandika tangazo.)

Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Walinisikiliza vizuri, wamesimama kwa mguu mmoja mmoja, fimbo zimewashikilia kwapani. Nilipoomba maswali, mmoja aliuliza dawa ya josho itafika lini. Mwingine alisifu viatu vyangu. Kisha nikauliza mimi: je, mtachemsha maziwa?



Mwenyekiti wa kijiji alinieleza polepole, kama mtu anayemrudisha mgeni kwenye mlango alioupita. Maziwa si habari yao. Mke ndiye anayekamua, kibuyu ni cha mke, na mke ndiye anayeamua nani anywe na kiasi gani. Mwanamume anayeulizia kilichobaki kibuyuni huchekwa na rika lake mpaka azeeke.

Ng'ombe ni wa wanaume, nami nilikuwa nimewaita wenye ng'ombe. Wenye maziwa walikuwa kwenye birika la maji, upande wa pili wa kilima, na hawakuwa wamealikwa.

4.

Yaliyosikika kwenye birika la maji. Wasemaji ni wanawake. Ofisa alikuwa hajafika, ila tangazo lilikuwa limeshafika.

— Eti tuchemshe.
— Tuchemshe nini?
— Maziwa. Yenyewe, matupu.
— Na ng'ombe?
— Ng'ombe hajaulizwa.
— Ukiyapika maziwa yake umempika yeye chuchu. Mwambieni aanze na wa kwao.
— Kwao hawana ng'ombe. Wana pakiti.
— Pakiti inakamuliwa saa ngapi?
— Kabla ya kwenda ofisini.

(Kicheko. Punda mmoja anajaribu kuondoka na ndoo zisizo zake.)

5.

Mimi ni ng'oto Lemburis, maana yake mama wa Lemburis. Hilo ndilo jina ninaloitwa hapa Lemoti.

Mmeniuliza sababu, nami nawapa. Maziwa yakitoka kwenye chuchu hayajaachana na ng'ombe. Yana joto lake bado. Ukiyaweka motoni, moto unamrudia mwenyewe huko alipo, hata kama yuko malishoni. Chuchu zinapasuka. Maziwa yanakatika.

Mnauliza nimeona ng'ombe gani.

Sijaona. Mama yangu naye hakuona, kwa sababu hakuchemsha. Bibi hakuchemsha. Na ng'ombe wetu wamekamulika miaka yote. Mnataka ushahidi gani mwingine?

6.

Mambo yanayojulikana:

Naishiye ni mke wa Lemburis. Masika iliyopita alikuwa na mimba ya miezi minne. Ng'ombe wake, Mugie, aliyepewa siku alipoolewa, alizaa ndama mfu. Naishiye alimvuta ndama huyo kwa mikono yake, akaosha mikono, akamkamua Mugie, akanywa.

Baada ya wiki chache alishikwa na homa, na mimba ikatoka, mwezi wa tano.

Hospitali ya wilaya ilimpima damu, ikaukuta ugonjwa. Alimeza vidonge kwa wiki nyingi bila kuruka. Akapona.

Sasa ana mimba nyingine, mwezi wa nne.

Tiba iliua vijidudu vilivyokuwemo mwilini. Haimkingi na maziwa ya kesho.

7.

Utauliza kwa nini asiache maziwa.

Kwa sababu Lemoti chakula ni uji na maziwa, na kiangazi uji hupungua. Na kwa sababu miezi ya mwisho ya mimba mwanamke wa huku hupunguziwa maziwa ili mtoto asinenepe mno akakwama. Ng'oto Lemburis anajua hivyo, kwa hiyo anampa mkamwana wake maziwa mengi sasa, kabla ya mwezi wa kumnyima. Anachagua kibuyu kilichofukizwa vizuri. Anamsimamia mpaka amalize.

Anafanya hivyo kwa upendo. Kijidudu hakijui tofauti.

8.

(Pudensiana Shao.)

Nilikwenda bomani kwa kina Naishiye bila hotuba. Nilikaribishwa maziwa kwenye kibuyu, nikakataa. Nilieleza sababu kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Ng'oto Lemburis alikirudisha kibuyu mahali pake, akasema mgeni asiyekula hawezi kuaminiwa hata akisema jua limechomoza. Naishiye aliinama kuficha kicheko.

Basi, akasema mama, utakunywa chai?

Chai nilikubali.

Aliteka maji kidogo, akamimina maziwa mengi kwenye sufuria, akatia majani na sukari, akakoleza moto. Maziwa yakapanda. Akainua sufuria kidogo, yakashuka. Yakapanda tena. Akayaacha yachemke mpaka rangi ikawa ya udongo wa pale uwanjani. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona mapovu.

Nikasema: "Mama, umechemsha maziwa."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta kosa lilipoingilia.

"Sijachemsha maziwa, mwanangu. Nimepika chai."

9.

Chai.

10.

Usidhani alikuwa anacheza na maneno. Nilimwuliza kwa makini na alijibu kwa makini, jibu lile lile kila nilipolirudia kwa njia nyingine. Majani yakishaingia, maziwa yameachana na ng'ombe. Yamekuwa kitu cha dukani, kitu cha watu. Moto hauna tena njia ya kurudi. Sharti ni moja: majani yaingie kabla maziwa hayajapata moto sana. Ukichelewa, umechemsha maziwa.

Kila boma la Lemoti lina sufuria ya chai. Kwa hiyo kila boma linajua kuchemsha maziwa, nami nilikuwa nimetumwa kulifundisha.

Tatizo lilikuwa kwamba chai hunywewa kikombe kimoja asubuhi, na maziwa mabichi hunywewa siku nzima.

Niliandika ujumbe mpya, wa maneno matatu.

Tia majani kwanza.

11.

KWA: Ofisa Elimu kwa Umma
YAH: OMBI LA KUBADILI UJUMBE ULIOIDHINISHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ombi lako limepokelewa na kujadiliwa na kikao. Kikao kimebaini kuwa ujumbe ulioidhinishwa unahusu maziwa. Ujumbe unaopendekezwa unahusu chai. Kwa mujibu wa mwongozo, chai si zao la mifugo, na idara haina mamlaka ya kuitolea elimu.

Unaelekezwa kuendelea na ujumbe ulioidhinishwa.

Nakutakia kazi njema.

12.

(Pembeni ya barua hiyo, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa Pudensiana:)

Idara inakubaliana na ng'oto Lemburis. Hawajawahi kuonana.

13.

Ujumbe haukubandikwa mahali. Haukupigiwa muhuri. Pudensiana alikwenda birikani akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akauliza wanawake wanapikaje chai. Akapewa mafundisho marefu na yenye kugombana. Mwisho akasema jambo moja tu: kwamba hana neno na chai, na kama mtu angependa kunywa chai siku nzima, na kuwapa watoto chai, na kuimimina kwenye uji, yeye angekuwa na furaha.

— Yote iwe chai?
— Yote.
— Huyu si alikuja kutuchemshia ng'ombe?
— Amebadilika. Amekunywa ya ng'oto Lemburis.
— Ile chai ingembadilisha hata mkuu wa wilaya.

Wiki ile duka la Lemoti liliishiwa majani.

14.

Naishiye alikunywa chai. Asubuhi, mchana, kwenye uji, kabla ya kulala. Mama mkwe wake alimpikia bila kulalamika, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwomba avunje chochote.

Mwezi wa nne ulikuwa unakwisha.

15.

ZAHANATI YA KIJIJI
KLINIKI YA MAMA NA MTOTO

WAJAWAZITO WOTE MZINGATIE

Usinywe chai pamoja na mlo wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Majani ya chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Upungufu wa damu huhatarisha maisha ya mama na mtoto.

16.

(Nesi Eliaichi, zahanati ya kijiji.)

Nilimpima Naishiye damu mara mbili kwa sababu kipimo cha kwanza sikukiamini. Ilikuwa imeshuka. Kope zake kwa ndani nyeupe kama karatasi. Nikamwuliza anakula nini. Akaniambia chai. Na nini? Na uji wenye chai.

Nikamwambia aache mara moja. Arudi kwenye maziwa.

 

17.

Sasa tuyaweke mezani, bila kupaza sauti.

Maziwa mabichi yanaweza kumtoa mimba. Ni kweli.
Chai ya kutwa inamnyima damu. Ni kweli.
Maziwa yaliyochemshwa bila majani yangemfaa kwa yote mawili. Ni kweli.
Maziwa yaliyochemshwa bila majani humkausha ng'ombe. Ni

18.

(Pudensiana Shao.)

Niliketi na Nesi Eliaichi kwenye benchi la zahanati. Yeye hakuwa amekosea, na mimi sikuwa nimekosea, na mgonjwa wetu alikuwa mmoja. Alisema nilipaswa kumwuliza kabla ya kuwafanya wajawazito wote wa kijiji wanywe chai kama maharusi. Nilisema ni kweli. Alisema kinachozuia damu ni majani, tena wingi wa majani. Kijiko kikubwa si sawa na punje. Akachora duara kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu, akalifuta.

Basi swali likawa dogo sana. Ni majani kiasi gani yanayotosha kuyafanya maziwa kuwa chai?

Nilitafuta kwenye miongozo. Upo wa maziwa, upo wa maji, upo wa vyoo. Swali hili halimo. Mtu mmoja tu angeweza kulijibu, naye hakuwa na sababu ya kulijibu ninavyotaka.

19.

Birika la maji, tena. Mjadala umeanzishwa na Naishiye, ambaye kwa kawaida huwa kimya.

— Kijiko kimoja ni chai.
— Nusu kijiko pia. Mimi mwisho wa mwezi natia nusu.
— Ndiyo maana mumeo anahamia kwa mke mdogo.
— Na ukitia majani matatu tu?
— Matatu unayahesabu? Wewe una kazi nyingine?
— Nauliza tu, mama. Matatu ni chai?
— Kama rangi imebadilika.
— Na kama haikubadilika, lakini umetia?
— Tangawizi peke yake je?
— Hiyo ni dawa.
— Lakini dawa ya kikohozi tunaichemsha na maziwa.

(Ng'ombe wanakunywa.)

— Nani ametuambia hiyo si kuchemsha?
— Mwulizeni ng'oto Lemburis.
— Muulize wewe.

20.

Mimi ndiye mnayemzungumzia. Naitwa Naishiye.

Kila mtu ameniambia ninywe nini. Ofisa ana karatasi, nesi ana karatasi, na yeyo, ambaye ni mama mkwe wangu nami namwita mama, ana mkono wake unaonishikia kibuyu. Nami namjua aliyetoka masika iliyopita. Nilimwona. Nilimwona pia ndama wa Mugie, na walikuwa wamefanana namna walivyolala.

Utaniambia: jipikie mwenyewe, kwa siri, maziwa matupu, nani atajua?

Nimelifikiria hilo. Sema nimechemsha kwa siri. Halafu ng'ombe yeyote wa boma hili akakauka, kwa kiangazi, kwa uzee, kwa kupe, kwa lolote. Mimi ndiye nitakuwa nimemkausha, na mtoto wangu atakuwa amenunuliwa kwa chuchu za ng'ombe wa watu. Wakijua, sitakuwa na jibu. Wasipojua, nitajua.

Lazima achemshe yeye.

Nilimwambia yeyo maneno aliyosema nesi, yote, na ya ofisa, yote. Sikuongeza la kwangu. Alikuwa anasugua kibuyu kwa kijinga cha moto. Aliendelea kusugua mpaka kikawa safi kupita kiasi.

21.

Halafu akaanza.

Hakutangaza. Niliona tu kwamba asubuhi hakukamua Mugie kwa ajili yangu. Alimkamua Nado, yule mwekundu, ambaye ni wake mwenyewe, ng'ombe anayempenda kama alivyompenda mama yake Nado, ambaye Lemburis akiwa mdogo alimwonea wivu. Akatia majani kijiko kimoja. Akapika. Kisha akatoka, akamshika Nado chuchu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu watoto waliorudi.

Nikamwuliza kwa nini Nado.

"Kama zitakauka," akasema, "zikauke zangu."

22.

Kijiko.

Nusu kijiko.

Kidole na gumba.

Majani machache, hata sufuria haikuyaona.

Rangi ikaanza kuwa nyeupe na akaiita chai bado. Alionja kabla yangu kila mara. Kila asubuhi alikwenda kwa Nado. Mume wangu alimwuliza anatafuta nini pale chini, akajibiwa kwamba maziwa si habari yake.

23.

(Pudensiana Shao, ripoti ya mwezi, sehemu ya "Changamoto na Mafanikio".)

Mkazi mmoja wa Lemoti anafanya jaribio. Anapunguza kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Anatumia mnyama wake mwenyewe. Anapima kabla na baada. Hakuombwa.

Naomba idara isimtembelee.

24.

Wewe unayesoma, labda tayari una jibu, na labda unaona ni upuuzi kwamba kuna swali. Basi weka jibu lako pembeni kidogo. Chukua kitu ambacho mama yako hakukifanya, na mama yake hakukifanya, na ambacho, kwa unavyojua, kutofanywa kwake ndiko kulikokupa kila unachokula. Sasa punguza punje moja. Nyingine. Utasimama wapi?

25.

NUKUU YA SIMU

Nesi Eliaichi: Damu imepanda kidogo. Si sana. Kidogo.
Pudensiana Shao: Na homa?
Nesi Eliaichi: Hana. Yuko mwezi wa tano sasa.
Pudensiana Shao: Mwezi ule ule.
Nesi Eliaichi: Najua ni mwezi upi.

26.

(Naishiye.)

Leo yeyo amewasha moto nje, mbele ya mlango. Hatupiki nje. Jirani alipita akauliza kama nyumba imeungua. Yeyo akasema nyumba ni nzima, anataka hewa.

Nikaelewa nilipoona mahali alipokaa. Kutoka pale anaiona sufuria, na juu ya sufuria anauona uwazi wa boma, na kwenye uwazi amesimama Nado. Hajawahi kuyaweka yote mawili machoni kwa wakati mmoja. Siku zote alikuwa akimkagua baadaye.

Amemimina maziwa. Hakutia maji.

Ameshika jani moja. Kavu, dogo, limejikunja. Amelishika kati ya kidole na gumba juu ya sufuria.

Moto ni mzuri. Pembeni mwa maziwa pameanza kuonekana mvuke.

"Yeyo," nasema, "sharti ni kabla hayajapata moto."

"Nalijua sharti. Nililifundishwa kabla hujazaliwa."

Haliachi jani.

Utando unaanza kukunjamana. Mapovu madogo yanakuja kutoka chini, yanajipanga kwenye ukingo. Mtoto amejigeuza ndani yangu, au ni mimi nimepumua vibaya. Sisemi kitu. Nikisema, itakuwa ni mimi niliyesema.

Maziwa yanapanda.

"Naishiye."

"Yeyo."

"Haya, sasa hivi, yanaitwaje?"

Nafungua kinywa. Yeye hanitazami. Wala sufuria haitazami, na maziwa yamefika ukingoni, meupe kabisa, yanataka kumwagika, na jani bado liko kati ya vidole vyake. Anatazama mbele, kwenye uwazi wa boma. Nami nageuka nitazame anapotazama.

Nado amesimama pale pale. Masikio yake yanafukuza nzi.





Anacheua.